Mfuko wa Suruali

Video ni moja: dakika tatu na sekunde kumi na moja,
imepigwa Jumanne, Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo.
Shangazi Mwatime anageuza suruali ya mtu asiyeihitaji tena
kuwa kaptura ya shule, darasa la pili.
Ndiyo hiyo tu.

Usiku nikaikata.
Tiktoki nikaipa sekunde kumi na tano:
mkasi unaingia kwenye paja, kacha!
wale lazima uwashtue kabla kidole hakijapita.
Instagramu nikaipa mikono, hina, mwanga wa dirishani,
nikauficha ukuta uliobabuka.
Yutyubu nikaipa maelezo: pima, kunja, acha inchi ya pindo.
Wasapu nikaweka bei na namba,
maana kule wanaotazama ni wanaotudai na tunaowadai.

Asubuhi nikamwonyesha. Akavaa miwani yake ya kamba,
akazitazama zote nne kimya, mguu ukiwa kwenye cherehani.
"Hii ya pili," akasema, "ina lebo ya ile ya kwanza."
Kweli. Nembo ya tiktoki ilikuwa inarukaruka instagramu
kama jina la shule ya zamani kwenye sare ya kuazima.
"Mwanangu, ukigeuza nguo
usishone juu ya mshono wa mwenzio.
Fumua kwanza. Rudi kwenye kitambaa.
Na haya maandishi yako huku chini
yamemezwa na vidude vya moyo na mshale.
Kila mwili na kwapa lake. Ulipima?"

Sikuwa nimepima.
Nilidhani video ni maji, chombo chochote yanaenea.

Nikafumua. Nikaipima kila mitandao mabega na kiuno:
huyu anataka wima, yule mraba,
huyu hutazama amezima sauti, basi aandikiwe,
yule ana subira, mwache asikie uzi ukipita.
Ikatembea. Watu elfu arobaini wakauona mkasi.
Wa Mbeya akauliza mkasi huo unauzwa wapi.
Mmoja akalitukana pindo.
Mjomba Kibwana akajibu kwa dole gumba
kama anavyojibu kila kitu, hata misiba.

Lakini mabaki.
Shangazi hatupi mabaki. Ana gunia chini ya meza
la vipande visivyo na jina, siku yao ikifika
huwa kiraka, huwa kishikio cha sufuria.
Mabaki yangu mimi ni jogoo wa jirani,
umeme unakatika, Shangazi anaulaani uzi,
na pale dakika ya pili na nusu
Mbaruku mwenyewe anajaribu kaptura,
anatia mkono mfukoni
(mfuko ni ule ule, Shangazi hakuugusa)
anatoa sarafu ya mia mbili na tiketi ya basi la Pangani.
Anaisoma tarehe kwa sauti, tarakimu moja moja,
kama alivyofundishwa.
Kisha anavirudisha vyote viwili
na kuufunika mfuko kwa kiganja.
Cherehani imesimama. Hata jogoo.

Hiyo haikuingia popote.
Si kwamba haikutosha. Sekunde thelathini na nane,
ingekaa kokote, ingeliza watu hadi Kigoma.
Nilishaipachika muziki, nilishaandika kichwa cha habari,
kidole kikabaki hewani.

"Na ile ya mtoto?" Shangazi akauliza,
hakuinua macho, anatunga uzi sindanoni.
"Umeipeleka wapi?"
"Sijaipeleka."
Akalamba ncha ya uzi. Ukapita.
"Mlete Alhamisi, nimwekee kifungo kwenye huo mfuko."

Jana simu imeniambia nafasi imejaa, nifute kitu.
Nimefuta harusi ya Mishi, yote, hata keki.